Gamba juu ya kovu: jibu kwa fundi wa mashua wa Matondoni

Swali: "Assalamu alaykum daktari. Mimi ni fundi wa mashua hapa Matondoni, Lamu. Nina miaka 39 na nina ualbino. Mwaka juzi nilikatwa uvimbe kwenye ukingo wa juu wa sikio la kushoto, majibu yakaja kuwa ni saratani ya ngozi. Kidonda kilifunga, nikarudi kazini. Tangu Ramadhani pameota gamba juu ya kovu lile lile. Nikilikwangua hutoka damu kidogo, kisha hurudi. Je, ni ugonjwa umerudi au ni kovu tu? Naogopa kupoteza sikio. Na kazi yangu ni ya juani: nitajikinga vipi, na chupa ya losheni hainifikishi hata wiki?"

Wa alaykum salaam, fundi. Nianze na la haraka. Gamba linaloota juu ya kovu la saratani, likatoa damu likiguswa na kurudi kila likibanduliwa, tunalihesabu kuwa saratani iliyorudi mpaka maabara iseme vingine. Kovu la kawaida huweza kuwasha, kuvuta au kuvimba, hasa miezi ya mwanzo. Lakini kovu lililotulia zaidi ya mwaka halianzi tu kuota gamba na kuvuja damu. Mpaka tunaoutumia ni wiki nne: kidonda, gamba au kinundu kwenye ngozi yako kisichopona ndani ya wiki nne lazima kionwe. Wewe umeshaupita. Kwa hiyo nenda wiki hii, usingoje mpaka mashua iliyo mkononi ishuke majini.

Mpaka siku ya kuonwa, acha kulikwangua. Kulibandua hakuondoi chochote kilicho chini, na huingiza uchafu, halafu daktari anakuta kidonda kilichovimba asijue kipi ni usaha na kipi ni ugonjwa. Paka vaselini kidogo, funika kwa shashi safi. Likitoa damu, bana kwa kitambaa safi dakika 15 kwa saa, bila kuchungulia. Usipake mitishamba wala kitu chochote cha kuunguza. Dawa ya kuunguza huua ngozi ya juu, pakafunga vizuri machoni pa watu, huku mzizi ukiendelea kutambaa chini ya kovu jipya. Masikio mengi hupotea kwa njia hiyo kuliko kwa kisu cha daktari.

Sasa tafuta karatasi moja: ripoti ya patholojia ya mwaka juzi, yaani majibu ya maabara ya kile kipande ulichokatwa. Wagonjwa wengi hutunza kadi ya hospitali na risiti, ripoti wakaiacha ipotee, na kumbe ndiyo inayosema hatari yako ni ya kiasi gani. Saratani inayowapata zaidi watu wenye ualbino katika Afrika ya Mashariki ni ile ya seli bapa, ambayo kwenye ripoti huandikwa kwa herufi SCC. Ikiwa yako ni hiyo, mwombe daktari akusomee mambo manne. La kwanza ni unene: ikizidi milimita 2 hatari hupanda, ikizidi 6 hupanda sana. La pili ni sura ya seli, kama bado zinafanana na seli za ngozi au zimeharibika kabisa. La tatu, je, zilionekana zikifuata mishipa ya fahamu? La nne ndilo zito zaidi: kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, au seli za saratani zilifika hadi ukingoni? Jambo la tano halihitaji karatasi. Sikio na mdomo peke yake, hata uvimbe ukiwa mdogo, huwekwa kwenye kundi la hatari kubwa.

Ikiwa ripoti imepotea, usikate tamaa. Maabara huhifadhi kipande chenyewe ndani ya nta kwa miaka. Ukiwa na jina kamili, mwezi uliofanyiwa upasuaji na namba ya hospitali, nakala inaweza kutafutwa.

Kwa nini ugonjwa hurudi? Wewe ni mtu wa kalafati, kazi ya kuziba mianya ya mashua, kwa hiyo utanielewa haraka. Mashua ikivuja mahali pale pale ulipoziba, huenda pamba haikuingia hadi mwisho wa mwanya. Hiyo ni saratani iliyobaki ukingoni au kwenye mshipa wa fahamu, na hurudi ndani ya kovu au kando yake. Lakini pengine kalafati yako haina kosa, ila ubao wa jirani umeoza, kwa sababu mbao zote zililoa maji yale yale miaka ile ile. Hiyo ni saratani mpya kwenye ngozi iliyochomwa na jua tangu utotoni. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, ila matibabu yake hayalingani. Ya kwanza hudai kukata kwa upana na kwa kina zaidi. Ya pili hudai kuishughulikia ngozi yote ya uso, masikio, shingo na migongo ya mikono. Wengi wana zote mbili. Saratani za seli bapa zinazorudi, karibu robo tatu hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na zilizo nyingi katika zilizobaki hurudi kabla ya mwaka wa tano. Ndiyo maana mtu wa aina yako huonwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa tano, na baadaye mara moja kwa mwaka maisha yake yote. Ugonjwa ukirudi, hesabu huanza upya.

Hospitali ya King Fahd pale Lamu ndiyo mlango wako wa kwanza, ili upate barua ya rufaa ya Mombasa. Nenda nayo pamoja na ripoti ya zamani, usajili wako wa SHA (bima ya afya ya serikali), na mtu mmoja wa nyumbani. Huko utachomwa sindano ya ganzi na kukatwa kipande kidogo, mara nyingi duara la milimita 4. Hakikisha kichupa kimeandikwa jina lako kabla hujatoka chumbani. Si kumtilia mtu shaka, ni kwamba kipande kisicho na jina ni kidonda cha bure. Daktari atapapasa tezi mbele ya sikio, nyuma yake, chini ya taya na shingoni, na huenda akaagiza picha ya altrasaundi au CT.

Kuhusu kukatwa sikio: neno hilo huwatisha watu wakakaa nyumbani mwaka mzima, halafu likawa kweli. Gamba dogo la ukingo wa juu mara nyingi huondolewa kwa kukata kipande chenye umbo la pembe tatu, gegedu likiwemo, kisha kingo zikashonwa pamoja. Sikio linabaki dogo kidogo kuliko mwenzake, na miwani inaendelea kukaa. Nafasi ikiwa kubwa, huwekwa kiraka cha ngozi. Kwa saratani iliyorudi, mpasuaji hutaka ngozi nzima kuzunguka uvimbe, milimita 6 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe: uvimbe wa milimita 8 ukikatwa hivyo huacha shimo la milimita 20 hadi 28. Uvimbe huo huo ukiachwa ukafika milimita 25, shimo ni milimita 37 hadi 45, na sikio zima la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 60 tu. Hapo utaona kinachokula sikio ni nini.

Tiba ya mionzi huongezwa kama kingo hazikupatikana safi, au mshipa wa fahamu umeingiwa, au tezi zina ugonjwa. Kwa kawaida huwa siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita, kila mara dakika chache tu. Shida ya mtu wa Lamu huwa ni malazi. Uliza mapema, siku ya kwanza kabisa, ili ndugu wa Mombasa wajue. Ukianza mionzi kisha ukakatiza wiki mbili kwa sababu ya nauli, nguvu ya tiba yote hupungua.

Dalili zisizongoja siku ya miadi ni hizi: ganzi, kuchomachoma au udhaifu upande mmoja wa uso, na kinundu kigumu kisichouma mbele ya sikio au shingoni. Hiyo ni siku hiyo hiyo.

Sasa jua, kwani hapo ndipo nafasi yako mwenyewe ilipo. Chupa yako haitoshi wiki, na nitakushangaza: ikiwa unafanya kazi mikono wazi na chupa ya mililita 100 inakufikisha hata siku nne, basi unapaka kidogo mno. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai kwa uso, masikio na shingo, kimoja kwa kila mkono, kimoja kwa kila mguu, nusu kwa migongo ya viganja na nusu kwa migongo ya nyayo. Hiyo ni mililita 30 kwa mpako mmoja, na ukipaka mara nne kwa siku chupa imekwisha kabla ya magharibi. Hakuna fundi anayeweza kulipia hilo, wala hakuna haja. Vaa shati la mikono mirefu na suruali ndefu, umebaki na vijiko viwili kwa mpako, chupa siku mbili na nusu. Vaa viatu vya kufunika mguu na glavu nyepesi, umebaki na kijiko kimoja, chupa siku tano. Nguo kwanza, losheni baadaye, kwa sehemu ambazo nguo haifiki. Anayeanza na losheni hufilisika, kisha huacha vyote viwili.

Ila si kila nguo ni kinga. Kanzu nyepesi nyeupe ya pamba huzuia kidogo, nayo ikiloa jasho huzuia pungufu zaidi. Inyanyue uelekee juani: ukiona vivuli vya vidole vyako nyuma yake, jua nalo linapita. Kitambaa cha kaki kizito, dengrizi, au poliesta iliyofumwa kwa kubanana, cha rangi iliyokolea, ndicho cha kazi. Chagua shati pana ili hewa ipite, na kola yake isimame.

Kofia nazo. Kofia ya kiua ni pambo letu na siisemi vibaya, lakini haina ukingo na kazi yake nzima ni vitundu vilivyodariziwa. Utosi umepata nusu kinga, sikio halijapata kitu. Kapelo hufunika paji na pua, masikio yako nje, na sikio ndilo lililokuleta hapa. Unachohitaji ni kofia ya pama ya ukindu, ukili wake umebanana, ukingo usiopungua sentimita 8 kuzunguka pande zote, na uzi wa kufunga kidevuni, maana upepo wa kusi hautakuachia. Chini yake ning'iniza kitambaa cheusi kizito nyuma ya shingo na pembeni.

Kuna jambo moja la kazi yako ambalo kofia hailitibu. Ukilala chali chini ya mashua kukalafati, uso wako unatazama mbao, na mwanga unakujia kutoka chini na pembeni. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana, ndiyo inayodhuru ngozi), povu la bahari kama 25. Tandika mkeka mkuukuu au turubai la rangi nzito juu ya mchanga unapofanyia kazi, mapana yake yazidi mwili wako kila upande. Juu funga turubai lingine, ukiliteremsha upande wa jua hadi karibu na ardhi. Kivuli kinachokuonyesha nusu ya mbingu ni nusu kivuli, kwa sababu miale hiyo hutawanywa na anga nzima, si kutoka kwenye jua peke yake.

Saa nazo zina hila yake. Lamu iko karibu mno na ikweta, na jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, likiwa juu kabisa kati ya saa sita na saa sita na nusu. Siku hizo kivuli chako huwa kifupi kuliko kimo chako tangu kama saa tatu na robo asubuhi hadi saa tisa na robo. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, hata kama hulihisi. Miezi ya kipupwe hudanganya watu: ngozi ni baridi, upepo mtamu, mawingu mepesi, na miale inapenya mawingu hayo kwa wingi. Kwa mwenye ualbino nasema tangu saa tatu hadi saa kumi usiwe pasipo na kivuli. Tatizo ni maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, bahari ya kwetu hupwa mnamo saa nne hadi saa sita mchana, na hapo ndipo kila fundi hutaka kuwa chini ya mkuku. Mashua iliyo majini ukiiombea siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kupwa huangukia alfajiri na jioni. Ikiwa maji hayo hayatoshi kuianika, ivuteni juu kabisa wakati wa bamvua, ili saa zenu za kazi zisipangwe na maji. Hili la kupanga na wenzako ni gumu kuliko kununua kofia, najua, lakini lina faida kubwa zaidi.

Tuje kwenye losheni yenyewe. Chagua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi. Ya 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB (ile inayounguza ngozi) na ya 50 kama 98, kwa hiyo usilipe mara mbili kwa ajili ya namba. Tazama badala yake alama ya UVA (miale inayozama ndani zaidi ya ngozi) iliyo ndani ya duara, au maneno "broad spectrum", yaani kinga ya miale yote miwili, na kwamba inavumilia maji kwa dakika 40 au 80. Mafuta ya nazi, simsim na liwa vina kazi yake, kinga ya jua si mojawapo. Umejisajili na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu? Losheni kwa wenye ualbino hutolewa bure kupitia hospitali za umma, uliza King Fahd siku hiyo hiyo ya rufaa. Na je, yafaa kweli? Huko Nambour, Queensland, Australia, watu waliopangiwa kupaka kila siku walipata saratani za seli bapa pungufu kwa kama asilimia 40 kuliko waliopaka wapendavyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Ufunguo ni "kila siku".

Udhu ndio unaoiondoa losheni ya watu wengi wa pwani, na nadra kuona karatasi ya maelekezo inayosema hivyo. Uso, mikono, masikio na miguu, vyote vinapitiwa na maji. Basi ratiba ifuate sala. Baada ya alfajiri, paka unapovaa, dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka. Rudia saa tatu. Ukishasali adhuhuri, kausha kwa kubonyeza taulo, paka upya. Baada ya alasiri vivyo hivyo, ukirudi kazini. Kabla ya udhu osha kwa sabuni ikiwa unatumia ile nyeupe nzito ya zinki, ili maji yafike kwenye ngozi. Jasho nalo libonyeze kwa kitambaa, usilifute. Na usinawe mikono kwa petroli au mafuta ya taa kuondoa shahamu: losheni hutoka na ngozi hukauka ikapasuka. Anza kupaka kwenye masikio, juu na nyuma, kisha shingo, kisha uso. Anayeanza na mashavu humaliza kijiko kabla hajafika sikioni. Mdomo wa chini upewe mafuta yake ya SPF 30.

Chupa isikae juani bandani wala ndani ya mashua. Izungushie kitambaa chenye unyevu, iweke kivulini. Ukiikuta maji yamejitenga na mafuta, au ina chembechembe, itupe hata kama tarehe haijafika.

Mara moja kwa mwezi, tuseme mwezi ukiandama, mtu wa nyumbani akukague kwa tochi: ndani ya mikunjo ya masikio, kichwani akifarakisha nywele, shingo, midomo, migongo ya mikono. Macho ya mwenye ualbino mara nyingi hayaoni mbali, kwa hiyo hili usilifanye peke yako kwenye kioo. Apige picha ya kila doa la kutiliwa shaka akiweka sarafu kando, ili mwezi ujao mlinganishe ukubwa. Kisha apapase tezi zile nilizotaja. Magamba makavu yanayokwaruza kidole kama msasa ni ngozi iliyoanza kuharibika, na hutibiwa kabla hayajawa saratani: kwa naitrojeni ya maji inayogandisha, au kwa krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne usoni. Krimu hiyo hufanya ngozi iwe nyekundu, ivimbe na kutoa maganda, na wengi huiacha siku ya kumi wakidhani imewadhuru. Hapo ndipo inapofanya kazi. Ila ionyeshe daktari kama maumivu yanakukosesha usingizi, au kama usaha umeonekana.

Kuna pia vidonge vya nikotinamidi, miligramu 500 asubuhi na jioni. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015, watu waliokwisha kupata saratani za ngozi zaidi ya moja walipungukiwa na saratani mpya kwa asilimia 23 ndani ya mwaka. Walipoacha, faida ilikwisha. Hao hawakuwa watu wenye ualbino, kwa hiyo uliza daktari wako kwanza, na dukani uhakikishe si niasini, ambayo ni jamaa yake na huwasha uso wote kama pilipili.

Siku ya kwenda Mombasa, kumbuka kwamba kioo cha pembeni cha gari huzuia UVB na kuachia sehemu kubwa ya UVA, na dirisha la basi la Mokowe sijui ni lini mara ya mwisho lilifungwa. Keti upande wa dereva: kwenda asubuhi jua liko kushoto sehemu kubwa ya njia, na ukirudi alasiri liko kushoto tena.